Watoto Wakigombana Uani: Mwongozo wa Kuwafundisha Kusema Yanayowauma kwa Heshima

Nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ina vyumba sita na ua mmoja, na karibu kila mpangaji ana watoto. Kila siku baada ya alasiri, watoto wakishatoka chuoni kusoma Qurani na kuvua kanzu na mabaibui, rede huanza: wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi, na mmoja katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku akiukwepa mpira huo. Kabla chupa ya tatu haijajaa, ugomvi nao huwa umeanza. "Umekugusa!" "Haujanigusa!" "Muongo wewe!" "Muongo mama'ko!" Hapo mtu mzima mmoja hutoka jikoni na mwiko mkononi, huuliza nani kaanza, humchapa aliye karibu, huuchukua mpira na kurudi kwenye chungu chake. Kwa miaka mingi mtu mzima huyo nilikuwa mimi.

Mwongozo huu umetokana na miaka ya kufundisha shule ya msingi na, baada ya kustaafu, ya kulea wajukuu. Watoto wetu wa pwani hufundishwa mapema sana namna ya kumwelekea mkubwa: kuamkia, kupokea kitu kwa mikono miwili, kumpisha mgeni kwenye kiti, kutodakia mazungumzo. Hayo ni mema na yaendelee. Tatizo ni kwamba hawapewi maneno ya kumwambia mwenzao wa rika moja kwamba jambo fulani limewauma, na kwa sababu hiyo mtoto yule yule anayesifiwa mtaa mzima kwa adabu zake hubaki na njia mbili tu anapokosana na mwenzake, kutukana au kununa. Kudai haki yako bila kumvunjia mwenzako heshima hakuji kwa kukua tu. Hufundishwa kama kusoma kunavyofundishwa, silabi kwa silabi.

Kabla ya kuanza na watoto

Kwa siku tatu usimfundishe mtoto chochote. Sikiliza nyumba yako. Sikiliza yanayosemwa bombani alfajiri, foleni ya ndoo inapokuwa ndefu, na yanayosemwa usiku luku inapokwisha na kila mpangaji anadai kwamba zamu ya kununua umeme si yake. Watoto huwa wamelala, au tunadhani wamelala, na maneno wanayorushiana kwenye rede huwa wameyaokota hapo.

Utagundua pia kwamba sisi watu wazima wa pwani hatuambiani mambo moja kwa moja. "Watu wengine bwana, ndoo wanaacha katikati ya njia kama mji wa baba yao," mtu husema akiliambia anga, na mwenye ndoo yupo palepale. Sitadai kwamba mafumbo ni mabaya; mimi mwenyewe nina doti mbili za kanga nilizozinunua kwa sababu ya jirani. Hata hivyo fumbo ni ufundi wa mtu aliyekwisha kujua kusema waziwazi na ameamua kutosema. Mtoto anayeanza na vijembe kabla ya kujua kauli ya wazi hujifunza kujificha nyuma ya maneno, na akifika utu uzima hajui tena kutoka. Basi, angalau mbele ya watoto, wazazi na wapangaji wajitahidi kuitana kwa jina na kusema: "Mama fulani, naomba nikuulize kuhusu zamu ya umeme."

Hatua ya kwanza: mikono iachane, maneno yasubiri

Watoto wakiwa wameshikana mashati, usiulize swali lolote. Simama katikati yao, waite kwa majina, waachanishe, na uwapeleke mmoja bombani anawe uso na mwingine kivulini anywe maji. Mtu mwenye hasira moyo humwenda mbio na pumzi huwa fupi, na katika hali hiyo hata mtu mzima hasikii hoja. Mtoto anaweza kufundishwa kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, kana kwamba anapoza uji kwenye bakuli. Wadogo huuelewa mfano huo mara moja, hasa ukiwapa uji wenyewe siku ya kuufanyia mazoezi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 7 dakika kumi mara nyingi hutosha. Mkubwa zaidi anaweza kuhitaji nusu saa au kulala akaamka, na si kosa kumwambia, "Bado una hasira, tutaongea baada ya magharibi." Jambo la lazima ni kwamba baada ya magharibi kweli muongee, kwa sababu watoto hutunza ahadi za namna hiyo kuliko tunavyotunza sisi.

Hatua ya pili: tandika mkeka, acha swali la "nani kaanza"

Kaa chini pamoja nao. Mtu mzima aliyesimama ni hakimu hata asiposema kitu, na watoto wakimwona hakimu huanza kushindana kumshawishi badala ya kuzungumza wao kwa wao.

Swali la "nani kaanza?" liache kabisa. Halina jibu, kwa sababu kila mtoto huanza kuhesabu pale alipoumizwa yeye: mmoja anaanza na kofi la leo, mwingine na embe lililoliwa juzi. Uliza, "Ilikuwaje?" kisha nyamaza. Weka masharti matatu tu, na uyarudie kila mara kwa maneno yaleyale mpaka wayakariri: anayeshika mwiko ndiye anayesema, hatumtaji mama wala baba wa mtu, kila mmoja atasema mpaka amalize. Mwiko huo ndio ule ule wa jikoni. Niliuchagua makusudi, kwa kuwa ulikuwa umezoeleka kwa kazi nyingine.

Aanze nani? Kwa desturi yetu tungempa mkubwa. Mimi humpa aliyelia kidogo zaidi, awe mkubwa au mdogo, kwa sababu aliyelia sana ameshasikika mtaa mzima. Niliwahi kumwadhibu mjukuu wa kiume wa miaka 10 kwa sababu mdogo wake alikuwa akigaragara mchangani kwa kilio, na kesho yake tu ndipo nilipoona alama za meno kwenye bega la yule mkubwa, ambaye hakuwa amesema neno.

Hatua ya tatu: badilisha silabi ya kwanza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na naomba msomaji asipaharakishe.

Msikilize mtoto aliyekasirika na uangalie vitenzi vyake vinavyoanza: *umeninyang'anya, umenipiga, unapenda kuonea, unajifanya*. Kila kimoja kina *u-* mbele, na kila *u-* ni kidole kinachomnyooshea mwenzake. Aliyenyooshewa kidole hafikirii alichofanya, anafikiria namna ya kukikwepa, na kwa kawaida hukikwepa kwa kurudisha *u-* yake. Wanaofundisha mambo haya nchi nyingine wanaifahamu hali hiyo. Mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Gordon aliieneza tangu miaka ya 1960 njia ya kumfundisha mtu kuanza na nafsi yake mwenyewe anapolalamika. Kwetu njia hiyo ina wepesi wa pekee, kwa kuwa nafsi imekaa mwanzoni mwa kitenzi, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuoneshwa kwa kidole silabi inayobadilika.

Mfundishe kupanga kauli yake kwa vipande vitatu: kilichotokea, kilivyomgusa, na anachoomba. "Nilikuwa bado najaza chupa. Nimeumia mpira uliponipiga usoni. Naomba mrushe chini ya kiuno." Linganisha na "Umenipiga makusudi, una roho mbaya." Katika kauli ya kwanza mwenzake ana la kujibu, katika ya pili ana la kukanusha tu.

Kipande cha kwanza ndicho kigumu, kwa sababu mtoto hupenda kutaja tabia badala ya tukio. "Anapenda kuonea" ni tabia, na hakuna awezaye kuirekebisha leo jioni. "Amepanda baiskeli tangu tumetoka chuoni na mimi sijapanda" ni tukio, na dawa yake inaonekana papo hapo. Mtoto akitaja tabia, muulize kwa upole, "Leo alifanya nini?" Muulize hivyo hata mara tano.

Kwenye kipande cha pili watoto wengi wana neno moja tu, nalo ni *hasira*. Waongezee. Kiswahili kina *nimeudhika, nimesikitika, nimeona haya, nimeona wivu, nimeogopa, nimejiona nimetengwa, nimevunjika moyo*. Mjukuu wangu wa kike wa miaka 8 alikaa wiki nzima akisema ana hasira na rafiki yake wa nyumba ya jirani, mpaka siku moja, tukichambua mchicha, akasema polepole, "Bibi, mimi nadhani nimeona wivu." Baada ya neno hilo ugomvi ulikosa pa kukaa. Alikwenda mwenyewe kugonga mlango.

Kipande cha tatu kiwe ombi linalotendeka. "Aache ubaya" si ombi. "Naomba nipande mimi mpaka adhana ya magharibi" ni ombi. Tofauti ya *nipe* na *naomba unipe* watoto wetu wanaijua tangu utotoni, ila hudhani ni ya kutumiwa kwa wakubwa peke yao, na inabidi waambiwe kwamba mwenzao wa rika moja naye anaistahili.

Hatua ya nne: kurudia alichosema mwenzako

Mwiko ukihama, anayeupokea asijibu kwanza. Aseme, "Nimesikia unasema kwamba…" na amalizie kwa maneno ya mwenzake. Akikosea, mwenzake amsahihishe, kisha ajaribu tena. Mara za mwanzo watacheka, na kicheko hicho kiruhusiwe, kwani mara nyingi nusu ya ugomvi huondoka nacho.

Jambo dogo kuhusu macho: vitabu vingi vya malezi kutoka nje humtaka msikilizaji amtazame msemaji usoni. Mtoto aliyelelewa Tanga huinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni heshima yake. Usimwambie "niangalie ninapokusemesha." Kwa mwenzake wa rika moja anaweza kutazama, na asipotazama pia muache, mradi amerudia alichosikia.

Hatua ya tano: kukiri bila kujificha

Lugha yetu ina maficho mazuri sana, na watoto huyagundua kabla ya kuota magego. Kikombe *kimevunjika*. Maji *yamemwagika*. Daftari *limechanika*. Hakuna aliyevunja, aliyemwaga wala aliyechana. Vitu vyenyewe vimejifanyia hivyo vikiwa peke yao. Mtoto akikuletea *kimevunjika*, usimwite muongo, kwa kuwa hajasema uongo. Mwambie, "Naomba uniambie sentensi hiyo tena, na safari hii mtaje mtu." Atahangaika, atatazama ukutani, kisha atasema, "Nimekivunja." Siku atakapolisema neno hilo bila kuulizwa, usimpige wala usimfokee hata kama kikombe kilikuwa cha seti ya harusi yako. Ukimwadhibu siku hiyo, utakuwa umemfundisha kurudi kwenye *kimevunjika* maisha yake yote.

Ficho la pili ni *pole*. Mtoto humsukuma mwenzake, mwenzake akaanguka, naye husema "pole" na kuendelea kucheza. Pole humwambia mwenzako kwamba umeyaona maumivu yake. Hata mpita njia asiyehusika huisema. Anayekiri kosa husema "samahani," au "nisamehe," na ataje anachoombea msamaha: "Nisamehe kwa kukusukuma." Wafundishe kutumia yote mawili kwa mpangilio, pole kwa maumivu kisha nisamehe kwa kosa, na wataacha wenyewe kudhani kwamba moja linafuta lingine.

Msamaha nao usilazimishwe. Tumezoea kuwashikanisha watoto mikono kwa nguvu, "haya, peaneni mikono, yaishe," na mikono inashikana huku vidole vinafinyana. Aliyekosewa ana haki ya kujibu, "Nimesikia, lakini bado sijapoa." Atapoa. Mara nyingi hupoa kabla ya chakula cha usiku.

Hatua ya sita: wapatane wenyewe

Waulize, "Sasa mnafanyaje?" na uzuie ulimi wako. Mapendekezo ya kwanza yatakuwa ya kijinga au ya kikatili. Yaorodheshe yote na umuulize kila mmoja kama anayaweza. Watoto wana sheria zao za michezo ambazo sisi tumezisahau. Kwenye rede, kama haijulikani mpira umemgusa mtu au haukumgusa, mrusho hurudiwa. Nimeiona kanuni hiyo ikitatua ugomvi wa rimoti, wa kitanda cha dirishani na wa nani apakuliwe kwanza: kama hatujui, tunarudia.

Mapatano yawe na kipimo. Baiskeli moja ya nyumba yetu, inayogombaniwa na wanne, sasa ina zamu iliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa uani, na kila zamu ni kwenda na kurudi mara mbili mpaka dukani kwenye kona. Tulijaribu kuhesabu dakika kwanza, tukashindwa, kwa sababu hakuna aliyekubali saa ya mwenzake. Kilichoharibika kilipwe kwa kadiri ya uwezo wa mtoto: aliyechana daftari atasaidia kulinakili, aliyemwaga maji atarudi bombani kuchota.

Hatua ya saba: anapokosana na mkubwa

Hapa wazazi wenzangu wengi hupunguza mwendo, na ninaelewa kwa nini. Tunaogopa kulea mtoto mjuvi. Mtoto asiye na njia ya kumwambia mkubwa kwamba amekosea hajawa na adabu kwa hilo. Amekuwa tu na siri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake, kama ulivyoelekeza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 katika ibara ya 12. Sheria hiyo hiyo ya 2009 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake. Waliotunga waliyaweka mambo hayo mawili pamoja, na sioni kwa nini yatushinde nyumbani.

Mpe mtoto mlango wa kuingilia. Kwetu mlango huo ni: "Shikamoo, bibi. Samahani, nina jambo, naomba niseme." Mkubwa hujibu, "Marahaba, sema baba," au "sema mama," na baada ya hapo asimkatize. Muda nao una adabu yake. Asiseme mbele ya wageni, asiseme mkubwa anapokula wala anapojiandaa kuswali. Mtoto mwenye kuona haya anaweza kumtuma shangazi, mjomba, au babu ambaye ana utani naye, na huo ni utaratibu wa zamani ambao haujaharibika. Jioni mojamoja tunafanyia mazoezi: mimi ninakuwa mtoto aliyenyimwa kwenda kuogelea Raskazoni, wao wanakuwa bibi. Nimejifunza mengi kuhusu sauti yangu kwa kuwasikiliza wakiiiga.

Pasipofaa mapatano

Hatua zote hizi ni za watoto wenye nguvu zinazokaribiana. Mkubwa anayempora mdogo pesa ya vitumbua kila asubuhi, kundi linalomzomea mmoja siku baada ya siku, mtu mzima anayemshika mtoto asivyopaswa au kumtisha asiseme: hayo hayaletwi kwenye mkeka, na mtoto asiambiwe akae na aliyemuumiza ili wapatane. Ni wajibu wa mtu mzima kumkinga. Mfundishe mapema tofauti ya kusemea na kutoa taarifa: anayesemea anataka mwenzake achapwe, anayetoa taarifa anataka mtu awe salama. Mtoto aliyezoea kuambiwa "acha kusemea" kila anapofungua mdomo hatakuja na taarifa siku yenye hatari. Kuna namba 116 ya msaada kwa watoto ambayo hupigwa bila malipo, kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuikariri namba hiyo kama anavyokariri namba ya mama yake.

Kuhusu umri

Mtoto wa miaka 2 au 3 hagombani kwa hoja. Mwondoe, mpe kitu kingine, mtajie hisia yake kwa neno moja. Kuanzia miaka 4 au 5 huanza kuelewa kwamba mwenzake anaweza kuliona jambo kwa namna tofauti, na hapo ndipo mwiko na mkeka vinapoanza kufaa. Wa miaka 11 na kuendelea hawapendi kikao cha uani mbele ya wapangaji. Tembea nao kwenda dukani, muongee njiani.

Na mtu mzima akikosea

Afuate hatua zilezile, akianza na ile ya tano. Mwezi uliopita nilisikia tena "muongo wewe" kutoka uani, nikatoka na mazoea yangu ya zamani, nikamfokea mjukuu wangu wa miaka 8 na kuuchukua mpira. Baadaye wenzake waliniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwaachanisha. Baada ya isha nilimwita kwenye mkeka, nikashika mwiko, nikasema, "Nimekufokea kabla sijakusikiliza. Pole, na nisamehe." Aliupokea mwiko kwa mikono miwili, akainamisha macho.

"Nimesikia umesema umenifokea kabla ya kunisikiliza," alisema. "Nilivunjika moyo, bibi. Yamekwisha. Naomba unirudishie mpira."